Jinsi ya Kuifuatilia Sera ya Serikali Hadi Ndani ya Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kisosholojia

Serikali inaweza kuingia katika maisha ya familia hata kwa sheria ambayo neno "familia" halimo. Ikipanga saa za shule, ikiamua posho ya mtoto iingie kwenye akaunti ya nani, ikijenga nyumba za umma zenye vyumba viwili tu, tayari imeshasema jambo kuhusu nani abaki nyumbani, nani atoke kutafuta, na nani amtegemee nani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sosholojia, mwandishi wa habari, ofisa ustawi wa jamii, na yeyote mwingine anayetaka kuichukua sera moja na kuifuata hadi kwa watu wanaoishi nayo.

Mara nyingi mitazamo ya kisosholojia hufundishwa ili ikaririwe: waamilifu (wanaoona kila taasisi ina kazi yake ya kuitegemeza jamii) wanasema hivi, wafeministi wanasema vile, mtihani umekwisha. Mimi naona hilo ni kuipoteza. Kila mtazamo huuliza swali ambalo mingine hulisahau, na maswali hayo yana maana pale tu yanapoelekezwa kwenye sera halisi yenye mwaka, fedha na watu.

Hatua ya 1: Chagua sera moja na uisome yenyewe

Usianze na "sera za serikali kuhusu familia". Hiyo ni bahari. Chukua sheria moja, posho moja, au hata fomu moja ya maombi. Tafuta maandishi yake ya asili: kifungu cha sheria, kanuni za utekelezaji, masharti ya anayestahili. Hotuba ya waziri itakuambia nia tu. Kinachoifikia familia ni masharti.

Ukishaisoma, amua iko kundi gani. Zipo sera zinazoigusa familia moja kwa moja, kama sheria za ndoa, talaka, uasili wa watoto, likizo ya uzazi na posho za watoto. Zipo pia zinazopita mlango wa nyuma: kodi, makazi, elimu, ajira, uhamiaji. Kundi hili la pili husahaulika mno, na ndilo lenye majeraha makubwa. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, sheria za pasi, yaani kibali ambacho Mwafrika mweusi alilazimika kukibeba, ziliwekwa ili kudhibiti nani aishi mjini, lakini zilifanya mamilioni ya wanaume waishi kwenye mabweni ya migodi huku wake na watoto wao wakibaki vijijini. Udhibiti huo ulifutwa mwaka 1986, baada ya vizazi kadhaa vya watoto kukua wakimwona baba wakati wa likizo. Ukitafuta sera hiyo kwenye faili la "masuala ya familia" hutaikuta.

Hatua ya 2: Tafuta familia iliyokuwa kichwani mwa aliyeiandika

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na swali lake linatoka kwa wafeministi. Hilary Land, mwanasosholojia wa Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba sera nyingi za ustawi zimejengwa juu ya dhana ya familia moja tu: baba anayeleta mshahara, mama anayelea, na watoto wao. Dhana hiyo ikishaingia kwenye masharti, huanza kujitimiza. Wanaoishi kwa mfano huo hupata msaada, wengine hukosa, kisha watu hulazimika kuishi kwa mfano huo ili wapate.

Mfano ulio wazi kabisa ni posho iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1976 kwa ajili ya watu walioacha kazi ili kumtunza mgonjwa au mlemavu. Mwanamume aliweza kuiomba. Mwanamke asiye na mume aliweza pia. Mwanamke aliyeolewa, au anayeishi na mwanamume, hakustahili, kwa sababu ilichukuliwa kwamba yeye angekuwa nyumbani vyovyote vile, na kumtunza mgonjwa ni sehemu ya siku yake ya kawaida. Ilibidi mwanamke mmoja, aliyeacha kazi ili kumtunza mama yake, aifikishe kesi hadi Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 ndipo kizuizi hicho kikaondoka. Kwa miaka 10 serikali ilikuwa ikipata bure kazi ambayo ingeilipia kama ingefanywa na mwanamume.

Kwa hiyo ukisoma masharti ya sera yako, andika pembeni majibu ya maswali haya. Nani anachukuliwa kuwa mkuu wa kaya? Je, watu wawili wanaoishi pamoja huhesabiwa kuwa mfuko mmoja? Bibi anayelea wajukuu anaonekana popote? Mtoto anayelala huku na kule kati ya nyumba mbili za wazazi walioachana anaandikwa wapi? Fomu yenye nafasi ya "jina la baba" pekee, au yenye nafasi ya mzazi mmoja tu wa kuwasiliana naye, ni sera tayari.

Hatua ya 3: Fuata fedha hadi mkononi mwa mtu

Familia haina mkono mmoja. Posho "ya familia" humfikia mtu fulani ndani ya familia, na mtu huyo ni nani hubadilisha mengi.

Mwaka 1945 bunge la Uingereza lilipokuwa likijadili posho ya familia, shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, muswada ulipendekeza fedha zilipwe kwa baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyekuwa amepigania posho hiyo kwa miongo kadhaa, alikataa katakata, na hatimaye ikakubaliwa alipwe mama. Alifariki Januari 1946, miezi michache kabla malipo ya kwanza hayajatoka. Kuanzia mwaka 1977 nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi: nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto, ambayo aghalabu ilionekana kwenye mshahara wa baba, iliunganishwa na posho hiyo kuwa malipo mamoja, na mpokeaji wa kawaida akawa mama. Wachumi Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walipochunguza matumizi ya kaya kabla na baada ya hapo, walikuta matumizi kwa mavazi ya wanawake na watoto yamepanda yakilinganishwa na ya wanaume. Fedha kwa jumla hazikuwa zimebadilika kiasi hicho. Mkono ndio uliobadilika.

Mchumi Esther Duflo alikuta jambo la jamaa hiyo Afrika Kusini baada ya pensheni ya wazee kupanuliwa kwa Waafrika weusi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pale ambapo pensheni ilipokelewa na bibi, afya ya wajukuu wa kike iliboreka. Ilipopokelewa na babu, tofauti hiyo haikuonekana.

Chora basi jedwali dogo. Mstari mmoja kwa kila mtu wa nyumba: mama, baba, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, mzee, ndugu aliyekuja kuishi. Safu tatu: anapata nini, anapoteza nini, anafanya kazi gani ya ziada kwa sababu ya sera hii. Safu ya tatu ndiyo itakayokupa habari. Serikali ikifupisha siku za mgonjwa kulazwa hospitalini, hesabu za hospitali zitaonyesha akiba. Jedwali lako litaonyesha nani anaamka usiku kumgeuza mgonjwa.

Hatua ya 4: Ipitishe sera yako kwenye mitazamo

Sasa chukua sera ileile uiulize maswali ya kila upande. Usiharakishe kuchagua unaoupenda.

Anza na waamilifu. Kwao serikali ni msaidizi wa familia. Ronald Fletcher, akiandika Uingereza katika miaka ya 1960, alipinga dai kwamba shule, hospitali na huduma za makazi zimeinyang'anya familia kazi zake. Aliona kinyume: familia sasa inafanya kazi zake vizuri zaidi kwa sababu ina daktari, mwalimu na nyumba bora nyuma yake. Mzazi hakuacha kumuuguza mtoto. Ameongezewa mtu wa kumshauri. Swali la kuuliza hapa ni: sera hii inaiwezesha familia kufanya nini ambacho isingeweza peke yake? Udhaifu wake ni kwamba inaizungumzia familia kana kwamba wote waliomo hufaidika sawa, na jedwali lako la hatua ya 3 limeshakuonyesha sivyo.

Mrengo Mpya wa Kulia, yaani wahafidhina wanaotaka serikali ipunguze mkono wake, huogopa jambo jingine: kwamba msaada wa serikali huua juhudi. Charles Murray, Mmarekani aliyevuma katika miaka ya 1980, alidai kwamba posho kwa mama wasio na waume zilifanya wanaume waone hawana haja ya kuwajibika na wanawake waone ndoa si lazima, na kwamba watoto wa nyumba hizo, hasa wavulana, hukua bila nidhamu. Dai hili lina nguvu kwa sababu lina chembe ya ukweli: masharti ya fedha kweli huwafanya watu wapange maisha yao kwa namna fulani. Lakini lipime. Nchini Marekani, thamani halisi ya posho hizo ilishuka kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na idadi ya familia za mama peke yake iliendelea kupanda. Kama posho ndiyo ingekuwa chanzo kikuu, mstari huo ungepinda. Kupotea kwa kazi za viwandani za wanaume, kubadilika kwa maadili kuhusu ndoa na kupanuka kwa ajira za wanawake vina uzito ambao hoja ya Murray huuacha nje. Hata hivyo swali lake usilitupe: je, kuna sharti ndani ya sera hii linalomfanya mtu apoteze akioa, akiolewa, au akipata kazi?

Kwa Wamarksi, wafuasi wa Karl Marx, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mfano mmoja unatosha. Wao huuliza sera inawapatia vipi waajiri wafanyakazi wanaowahitaji. Mwaka 1933 serikali ya Hitler nchini Ujerumani ilianza kutoa mkopo wa ndoa wa hadi marki 1,000 kwa sharti kwamba mke aache kazi; robo ya deni ilifutwa kwa kila mtoto aliyezaliwa. Wakati huo wanaume wengi hawakuwa na ajira. Mwaka 1937 viwanda vilipokosa watu, sharti la mke kuacha kazi likaondolewa. Yaliyokuwa yakihubiriwa kuhusu nafasi takatifu ya mama hayakuzuia lolote. Katika mwaka uleule wa 1933 serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu iliowaona hawafai kuzaa, na hili tusilipite haraka: serikali inayotukuza familia huwa inachagua familia za nani.

Wafeministi tumeshawaanza kwenye hatua ya 2. Ongeza hapa wazo la mtafiti Eileen Drew la tawala za kijinsia, yaani namna sera za nchi zinavyogawa kazi na haki kati ya wanawake na wanaume. Zipo nchi ambazo sera zake huchukulia kwamba matunzo ni kazi ya ndugu, hasa wanawake, na nyingine ambazo humhesabu kila mtu mzima kuwa na haki zake mwenyewe, awe ameoa au la. Sweden ni mfano wa kundi la pili. Mwaka 1974 iligeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote, lakini mwaka huo baba walichukua nusu asilimia tu ya siku. Ruhusa peke yake haikutosha. Mwaka 1995 mwezi mmoja ulitengwa kwa kila mzazi, usipoutumia unapotea. Ukaongezwa wa pili mwaka 2002 na wa tatu mwaka 2016, na sasa baba huchukua karibu asilimia 30 ya siku zote. Uingereza nayo iliruhusu wazazi wagawane likizo kuanzia mwaka 2015, bila kutenga sehemu ya baba na kwa malipo madogo, na waliochukua ni wachache mno. Sera mbili zenye maneno yanayofanana zimezaa nyumba tofauti, na tofauti imetoka kwenye sharti dogo la "ukiacha, umepoteza". Ndiyo maana nasisitiza masharti.

Hatua ya 5: Uliza nani anachunguzwa

Jacques Donzelot, Mfaransa aliyefuata fikra za mwanafalsafa Michel Foucault, aliandika mwaka 1977 kwamba serikali huisimamia familia kupitia wataalamu: daktari, mwalimu, ofisa ustawi. Wanakuja kusaidia, na wakija wanaona, wanaandika, wanaamua. Familia maskini huonwa zaidi, kwa sababu ndizo zinazolazimika kuomba.

Marekani inatoa mfano mchungu. Mpango wa misaada kwa watoto ulioanza mwaka 1935 ulilenga watoto waliokosa msaada wa mzazi, na majimbo mengi yaliweka kanuni kwamba mama akionekana na mwanamume nyumbani, posho inakatwa. Maofisa walifika usiku bila taarifa kupekua makabati wakitafuta nguo za kiume. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka Alabama, iliikataa kanuni ya aina hiyo. Mfano huu mmoja unaujaza ukurasa mzima wa uchambuzi: sera iliyonuiwa kulinda watoto iliwapa wanaume sababu ya kukaa mbali nao, na wakati huohuo ikawafanya mama zao waishi kama washukiwa.

Ukitaka mfano wa karibuni, angalia kanuni ya Uingereza ya Aprili 2017 iliyozuia nyongeza ya posho kwa mtoto wa tatu na kuendelea. Iliwekewa kifungu cha msamaha kwa mtoto aliyepatikana kwa ubakaji. Inaonekana ni huruma. Kwa vitendo, ilimaanisha kwamba mama alipaswa kumweleza mtaalamu aliyeidhinishwa jambo hilo, na likaandikwa kwenye faili, ili mtoto wake ahesabiwe.

Andika basi orodha: sera yako inadai taarifa zipi, nani anazitunza, anayekataa kuzitoa anapoteza nini, na je, matajiri wanaofaidika na nafuu za kodi huulizwa maswali ya aina hiyohiyo?

Hatua ya 6: Pima kama kweli sera ndiyo iliyofanya

Hapa uchambuzi mwingi huanguka. Jambo likitokea baada ya sheria, si lazima sheria ndiyo imelileta.

China ilianza kampeni ya mtoto mmoja mwaka 1980 na kuiacha mwanzoni mwa 2016. Husemwa mara nyingi kwamba ndiyo iliyoshusha uzazi. Lakini wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa umeshashuka kutoka karibu 6 mwaka 1970 hadi chini ya 3 kufikia 1978, kabla ya kampeni hiyo. Kinachoweza kuhusishwa nayo kwa uhakika zaidi ni namna uzazi ulivyodhibitiwa kwa nguvu, na jinsi ilivyozidisha pengo kati ya watoto wa kiume na wa kike pale ilipokutana na upendeleo wa wavulana. Na mwaka 2021 serikali iliporuhusu watoto watatu, watu hawakukimbilia kuzaa. Kuifungua sheria hakukufungua maisha ambayo yalikuwa yameshajipanga upya.

Romania ilikwenda upande wa pili. Amri namba 770 ya mwaka 1966 ilipiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake wengi, na mwaka uliofuata vizazi viliongezeka karibu mara mbili. Ukiishia hapo, utasema sera ilifaulu. Endelea kusoma miaka inayofuata: vizazi vikashuka tena watu walipotafuta njia za siri, vifo vya wanawake kutokana na utoaji mimba usio salama vikapanda sana, na amri ilipofutwa Desemba 1989 zaidi ya watoto 100,000 walikuwa kwenye vituo vya serikali. Usikubali takwimu ya mwaka mmoja.

Sheria ya talaka ya Uingereza na Wales inafundisha jambo jingine. Ilianza kutumika mwaka 1971, na talaka zikapanda kutoka karibu 58,000 mwaka 1970 hadi karibu 119,000 mwaka 1972. Je, sheria ilivunja ndoa? Nyingi kati ya hizo zilikuwa zimevunjika zamani, watu wametengana bila karatasi. Sheria iliziandikisha. Kwa hiyo tenga kila mara mambo matatu: kile ambacho sera imekizalisha, kile ambacho imekifichua, na kile ambacho kingetokea tu hata bila sera hiyo. Ili uweze kutenga hivyo, linganisha na nchi jirani isiyo na sera hiyo, au kundi ambalo masharti hayakuligusa, na uangalie angalau miaka kumi kabla.

Hatua ya 7: Nenda kwa wanaoishi nayo

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyaraka na takwimu hazitakuonyesha jinsi watu wanavyoigeuza sera. Mama na baba huandikisha anwani mbili wakati wanalala nyumba moja. Bibi huitwa mlezi rasmi ili mtoto apate shule. Dada mkubwa huacha masomo kwa sababu hakuna anayelipwa kumtunza mdogo. Huo ni werevu wa kuishi, na ni ushahidi.

Zungumza na watu wa nyumba moja kila mmoja peke yake. Mume na mke wakiulizwa pamoja hutoa jibu moja, na mara nyingi ni la yule mwenye sauti. Usiulize "sera hii unaionaje?" Uliza siku ya jana ilikwendaje: nani aliamka kwanza, nani alimpeleka mtoto, nani aliomba ruhusa kazini, fedha ziliingia lini na zilikwisha lini. Sera itajitokeza yenyewe ndani ya maelezo hayo. Na kwa kuwa watu wanaotegemea posho wanaweza kuipoteza kwa neno moja, badilisha majina na alama zote za kuwatambua kabla hujaandika lolote, pamoja na daftari lako la rasimu. Wakisema jambo ambalo litawaponza hata bila majina, liache.

Hatua ya 8: Andika hukumu yako

Usimalize kwa "kila mtazamo una faida na hasara zake". Msomaji anataka kujua sera hii, kwa ushahidi huu, inaelezwa vizuri zaidi na nani. Sema wazi. Kwa likizo ya wazazi ya Sweden ningesema wafeministi wanaona mbali kuliko wengine. Kwa kanuni ya mwanamume nyumbani ya Marekani ningemweka Donzelot mbele, kisha nikiri kwamba hata Mrengo wa Kulia wanagusa ukweli pale wanapotaja sharti linalowatenganisha wazazi, ingawa tiba yao ya kukata posho inamwadhibu mtoto kwa kosa la sheria. Kwa huduma ya afya ya bure kwa watoto, Fletcher bado ana la kusema.

Kisha taja sharti mahususi ambalo likibadilishwa maisha ya nyumba hizo yatabadilika: jina la mpokeaji kwenye fomu, mwezi uliotengwa kwa baba, umri wa mtoto, idadi ya vyumba. Liandike kwa maneno ambayo mbunge au mkurugenzi anaweza kuyanakili kwenye muswada, na uambatishe lile jedwali la hatua ya 3 likionyesha nani ndani ya nyumba atapata nafuu, na kazi ya nani itapungua.